Kutafuta yaliyosemwa kwenye Kamati ya Afya na Michezo ya Bunge la Scotland: anza na kikao, neno baadaye

Mkuu uliyeuliza, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi nalirudia swali lako kwa ufupi. Unaandika tasnifu kuhusu bei ya chini ya pombe (yaani kima cha chini cha kisheria, ambacho muuzaji haruhusiwi kuuza chini yake) na vilabu vya michezo vya mitaani huko Scotland. Umeingia kwenye tovuti ya Bunge lao, parliament.scot, ukaandika "alcohol" kwenye kisanduku cha kutafutia, ukamwagiwa matokeo yasiyosomeka yote. Ukaandika "alcohol minimum price sport clubs", ukatoka mikono mitupu. Unauliza kama kumbukumbu hazipo au unazitafuta vibaya.

Kumbukumbu zipo. Zinaanzia 1999, Bunge lenyewe lilipoanza, zimeandikwa karibu neno kwa neno na zinasomwa bure. Kinachokukwamisha ni kuanza na neno. Taarifa Rasmi ya kule, ambayo wenyewe huiita Official Report na sisi tungeiita Hansadi, imepangwa kwa vikao. Kuna tarehe, kuna kamati, chini yake kuna kipengele cha ajenda, na chini ya kipengele kuna msemaji mmoja baada ya mwingine. Neno unalolitaka limelala chini ya ngazi zote hizo. Ukikijua kikao, neno unalipata kwa Ctrl na F tu. Ukianza na neno, unaletewa kila mbunge aliyewahi kulitamka kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwemo aliyelitaja kwa kupita tu.

Jambo jingine la kuwekea akilini: aliyezoea Hansadi za Dodoma amezoea majadiliano ya Bunge zima, na kazi ya kamati anaipata kama taarifa iliyosomwa na mwenyekiti wake. Holyrood, yaani Bunge la Scotland, ni tofauti. Maswali ya wajumbe wa kamati na majibu ya mashahidi yamechapwa yote, ili mradi kikao kilikuwa cha wazi. Ndiyo maana kwa utafiti wa sera mimi nazithamini kumbukumbu za kamati kuliko za ukumbi mkubwa. Ukumbini watu wanahutubia. Kwenye kamati wanaulizwa na kujibu.

Bunge lipi, kamati ipi, miaka ipi

Hakikisha kwanza uko kwenye Bunge sahihi. Afya na michezo ya Scotland ni mamlaka ya Edinburgh, lilipo Bunge la Scotland, tangu 1999. Ukienda kuitafuta kwenye Hansadi ya London utapata vipande vya watu wanaoitaja kwa mbali. London yenyewe haijawahi kuziweka afya na michezo pamoja kama Scotland. Kule michezo iko na kamati ya utamaduni na habari.

Kuna mtego mmoja umewanasa wengi. Mwaka 2021 kamati ya Scotland ilipewa jina "Health, Social Care and Sport Committee". Jina hilohilo, herufi kwa herufi, lilikuwa la kamati ya Bunge la Wales kati ya 2016 na 2021. Ukiandika jina hilo kwenye Google bila kutaja nchi, makabrasha ya Cardiff, lilipo Bunge la Wales, yanachanganyika na ya Edinburgh. Alama ya kukuonya ni lugha: kumbukumbu za Wales zina Kiwelisi na Kiingereza bega kwa bega. Na mwaka pia unakuonya. Ukiona jina hilo na tarehe ya 2018, hiyo ni Wales, kwa sababu mwaka huo ya Scotland ilikuwa bado ni "Health and Sport Committee".

Kwa Scotland peke yake, majina yamekwenda hivi. Bunge la Kwanza, 1999 hadi 2003, lilikuwa na "Health and Community Care Committee", na michezo ilikuwa chini ya kamati ya elimu, utamaduni na michezo. Bunge la Pili, 2003 hadi 2007, kamati ikaitwa "Health Committee", na michezo ikawa kwa kamati ya biashara na utamaduni, "Enterprise and Culture Committee". Afya na michezo zikaunganishwa 2007, na jina "Health and Sport Committee" likadumu Mabunge matatu: la Tatu 2007 hadi 2011, la Nne 2011 hadi 2016, na la Tano 2016 hadi 2021. Bunge la Sita, lililochaguliwa Mei 2021, likaongeza huduma za jamii kwenye jina.

Maana yake kwa anayetafuta ni hii: mtu wa michezo akiichagua kamati ya afya kwa mwaka 2005 hatapata kitu, na hatakuwa amekosea neno, amekosea kamati. Na kichujio cha kamati kwenye tovuti kinafuata jina. Ukichagua "Health and Sport Committee", ya 2022 hayaji.

Ukurasa wenyewe ukoje

Kabla ya kutafuta, fungua kikao chochote kimoja cha kamati hiyo, pakua PDF yake, uitazame kwa dakika tano. Muda huo hautapotea.

Baada ya jalada na orodha ya yaliyomo kuna ukurasa wenye namba ya kikao, kwa mfano kikao cha kumi na mbili cha mwaka fulani, na Bunge la ngapi. Chini yake ni majina ya mwenyekiti, makamu na wajumbe. Mbele ya majina kuna nyota ndogo. Mwenye nyota alihudhuria. Asiye nayo hakuwepo. Halafu wanafuata waliokuja kutoa maelezo pamoja na taasisi zao, kisha jina la karani, kisha chumba. Vyumba vya kamati vimepewa majina ya Waskoti mashuhuri, na cha sita kinaitwa kwa jina la David Livingstone, huyohuyo wa Ujiji.

Mwili wa kumbukumbu uko kwa safu mbili kila ukurasa. Juu kabisa utaona namba kushoto, tarehe katikati, namba nyingine kulia. Namba hizo ni za safu, si za ukurasa, na kwenye rejea wanataja safu. Nitalirudia hili mbele maana wasahihishaji wa tasnifu hulishika.

Sasa yatazame majina ya wasemaji, hapo ndipo utafutaji unapofaulu au kufeli. Mbunge anapozungumza mara ya kwanza katika kikao, huandikwa jina kamili, eneo analowakilisha na kifupi cha chama chake. Mara ya pili na kuendelea ni jina tupu. Shahidi hivyohivyo: mara ya kwanza jina na taasisi kwenye mabano, baada ya hapo jina peke yake. Kwa hiyo ukitafuta jina la taasisi ndani ya kikao, unafikishwa kwenye jibu la kwanza tu la mtu wao. Majibu yake mengine kumi na tano hayana jina la taasisi. Chukua jina lake hapo, ulitafute upya.

Mwenyekiti ndiye anayepotea kabisa. Anaandikwa "The Convener" na jina lake kwenye mabano mara moja tu, mwanzoni. Kuanzia hapo ni "The Convener" hadi mwisho. Ukitaka maswali ya Duncan McNeil, aliyeongoza kamati katika Bunge la Nne, au ya Lewis Macdonald, aliyeiongoza katika Bunge la Tano hadi 2021, ukitafuta kwa jina ndani ya PDF utapata mstari mmoja, na utadhani hakusema kitu. Tafuta "The Convener", ukiwa na uhakika wa nani alikalia kiti siku hiyo. Mwenyekiti akiwa na dharura, makamu ndiye anayeongoza, na katika kikao hicho huandikwa "The Deputy Convener".

Njia ninayoishauri, kwa mfano wa bei ya pombe

Andika kwanza, kwenye karatasi, historia fupi ya jambo lako pamoja na tarehe. Usiguse kisanduku cha kutafutia kabla ya hapo. Kwa bei ya chini ya pombe ni hivi.

Mara ya kwanza wazo lilikuja ndani ya muswada mpana wa pombe katika Bunge la Tatu. Sehemu ya bei ikang'olewa mwaka 2010, wapinzani wakiwa wengi, na sheria ikapita bila hiyo. Baada ya uchaguzi wa Mei 2011 serikali ikaleta muswada mpya wa bei peke yake, ukapita tarehe 24 Mei 2012. Kukawa na kesi ndefu mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipotoa uamuzi Novemba 2017. Bei ya peni 50 kwa kila yuniti ya kilevi (kipimo chao cha kiasi cha kilevi kilichomo kwenye kinywaji) ikaanza tarehe 1 Mei 2018. Sheria iliwekewa kikomo cha miaka sita, kwa hiyo mwaka 2024 Bunge lilibidi liamue upya: bei ikaendelea, na ikapanda kuwa peni 65 kuanzia tarehe 30 Septemba 2024.

Unaona tayari una madirisha manne ya muda: 2009 hadi 2010, 2011 hadi 2012, mwanzoni mwa 2018, na 2023 hadi 2024. Mabunge manne tofauti, na jina la kamati limebadilika kabla ya dirisha la mwisho. Anayechuja kwa Bunge la Nne peke yake, kwa sababu sheria ni ya 2012, anakosa mabishano ya 2010, wakati sehemu kubwa ya hoja za kupinga zilianzia hapo.

Ndipo uingie kwenye ukurasa wa kutafuta yaliyosemwa Bungeni. Chagua kamati, weka tarehe za dirisha moja, na neno moja tu. Usiweke matano. Kwa 2010 na 2012 anza na "minimum pricing", kwa miaka ya karibuni tumia "minimum unit pricing", kwa sababu usemi umebadilika na muda. Matokeo yakija usifungue moja moja kwa pupa. Soma tarehe zake kwanza. Utaona zimejikusanya kwenye wiki chache zinazofuatana, siku ileile ya wiki, maana kamati huwa na siku yake ya kukaa: katika Bunge la Tatu mara nyingi Jumatano, baadaye kwa kawaida Jumanne asubuhi. Kundi hilo ndilo lenye uchambuzi wenyewe wa muswada. Matokeo yaliyotawanyika kwenye miezi mingine ni watu waliotaja kwa kupita.

Muswada hupita hatua tatu, na kila hatua ina lugha yake. Hatua ya kwanza kamati inaita mashahidi: madaktari, polisi, wafanyabiashara, watafiti. Hapo ndipo penye ushahidi. Hatua ya pili ni marekebisho, na mara nyingi hufanyika kwenye kamati hiyohiyo. Hapo ndipo penye kura. Hatua ya tatu inarudi ukumbini kwa Bunge zima, kwa hiyo kumbukumbu yake haiko chini ya kamati tena. Wengi hukwama hapa: wanaichimba kamati wakitafuta kura ya mwisho ambayo haikupigwa huko.

Kura ndani ya kikao cha hatua ya pili usizitafute kwa neno "vote". Tafuta "division". Utamkuta mwenyekiti anauliza kama wote wamekubali, wajumbe wanajibu hapana, anatangaza mgawanyo, halafu majina ya waliounga mkono, waliopinga na wasioegemea upande, na mwisho jumla. Pasipokuwa na neno "division", maana yake marekebisho yalipita bila kupingwa, au hayakuletwa kabisa, au yaliondolewa na mwenyewe.

Dirisha la 2018 lina mtego wake. Kiwango cha peni 50 hakikuwekwa kwenye muswada, kiliwekwa kwa amri ya waziri iliyohitaji idhini ya Bunge. Kwenye ajenda kitu kama hicho kinakaa chini ya kichwa "Subordinate Legislation". Anayepitia orodha ya ajenda kwa macho akitafuta neno pombe anapita juu yake bila kuona. Basi kila unapopitia ajenda ya kamati ya afya, kifungue kipengele hicho. Humo ndimo zinamopita kanuni za dawa, ada, viwango na tarehe za kuanza kutumika, mara nyingine kwa dakika mbili bila mjadala, mara nyingine kwa saa nzima waziri akiwa amekaa mbele.

Maneno yao si maneno yako

Wahariri wa Taarifa Rasmi wana mtindo wao wa uandishi, na injini ya kutafutia haisamehe. Asilimia huandikwa "per cent", maneno mawili, si alama. Idara ya dharura ya hospitali utaipata kama "accident and emergency" au "A and E"; ukiandika kwa alama ya & kama magazeti mengi yanavyofanya, unaweza kukosa. Daktari wa familia ni "general practitioner" anapotajwa mara ya kwanza na "GP" baadaye, tafuta yote mawili. Vifo vya dawa za kulevya viko kama "drug deaths" na pia "drug-related deaths". Mgonjwa aliyepona lakini hana pa kupelekwa, ambaye magazeti humsema kwa "bed blocking", kwenye kumbukumbu ni "delayed discharge". Shirika la michezo la taifa ni "sportscotland", neno moja, herufi ndogo. Ukilitenganisha umelikosa.

Tahajia ni ya Uingereza. Andika "programme" na "centre", la sivyo unajifungia mlango mwenyewe.

Tena, kumbukumbu ni "karibu" neno kwa neno. Wahariri huondoa kigugumizi, marudio na kuteleza kwa ulimi, na kunyoosha sentensi iliyokatika. Kwa hiyo kauli uliyoisikia kwenye video, ukiinakili ilivyo na kuifungia alama za nukuu, huenda isipatikane. Chagua maneno mawili au matatu mazito ya kauli hiyo, hasa nomino na tarakimu, uache viunganishi. Ikiwa hoja yako inategemea mtu alivyotamka, kusita au kukwepa, rudi kwenye video ya Scottish Parliament TV. Kumbukumbu ina saa zilizoandikwa kando ya sehemu mbalimbali za kikao, hasa kinapoanza na kinaporejea baada ya mapumziko, nazo zinakusogeza karibu na dakika unayoitaka.

Upande wa michezo

Hapa nakuambia waziwazi ili usivunjike moyo: michezo kwenye kamati hii imepewa muda mdogo ukilinganisha na afya. Miezi inaweza kupita bila kikao cha michezo. Inakuja kwa mafungu, na ukiyajua mafungu umemaliza nusu ya kazi.

Fungu la kwanza la kwako ni uchunguzi wa kamati kuhusu michezo ya jamii katika Bunge la Nne, kuanzia 2012, wakati Glasgow inajiandaa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Julai na Agosti 2014. Mada za watu wa kujitolea, viwanja vya shule kufungwa jioni na ada za kumbi ziko humo. Tumia "community sport", "volunteers", "school estate", "active schools", na "legacy". La pili ni Bunge la Tano: uchunguzi ulioitwa "Sport for Everyone", na mwaka 2017 ripoti kuhusu ulinzi wa watoto kwenye michezo, ambapo neno la kutafutia ni "PVG", mfumo wao wa kuwakagua wanaofanya kazi na watoto na watu wasioweza kujilinda.

Neno "sport" peke yake usilitumie kamwe. Limo kwenye jina la kamati, kwa hiyo limo kwenye kila kikao, hata kile kilichozungumzia chanjo tu. Kwa muda mrefu lilikuwemo hata kwenye cheo cha waziri. Shona Robison, 2014 hadi 2018, alikuwa waziri wa afya, ustawi na michezo, na kuanzia 2016 wa afya na michezo. Jeane Freeman, 2018 hadi 2021, wa afya na michezo. Kila walipotambulishwa, neno "Sport" likaingia kwenye kumbukumbu. Tumia jina la mchezo, jina la chama, au neno la miundombinu kama "pitches" na "facilities".

Usiishie kwenye kamati hii. Mambo mazito ya michezo na ya afya pia yaliingia Bungeni kupitia maombi ya wananchi, na kamati ya maombi ina kumbukumbu zake. Ombi huwa na namba inayoanza na PE, na namba haibadiliki hata likihama kamati au likivuka uchaguzi. PE1319 ni la mpira wa vijana, lililowasilishwa 2010. PE1517 ni la nyavu za plastiki walizowekewa wanawake kwa upasuaji. Ukitafuta "mesh" utapata mengi. Ukitafuta "PE1517" unapata kila kikao ombi lilipowekwa mezani. Kwa maoni yangu namba ya ombi ndiyo ufunguo bora kuliko yote kwenye tovuti ile, na ndio unaotumiwa kidogo.

Na anayefuatilia korona akumbuke kwamba kuanzia Aprili 2020 kulikuwa na kamati maalumu ya janga hilo. Mazungumzo yamegawanyika kati yake na kamati ya afya. Ukisoma upande mmoja unapata nusu ya picha.

Ambacho hutakipata hata ukeshe

Mwishoni mwa vikao vingi kuna mstari mfupi unaosema kikao kiliendelea faragha hadi saa fulani. Baada ya hapo hakuna neno lililochapwa. Kuzungumzia rasimu ya ripoti na kupima ushahidi waliousikia mara nyingi ni faragha. Unachoweza kupata ni muhtasari, ambao unataja uamuzi bila maneno ya aliyesema. Usichanganye muhtasari na Taarifa Rasmi: wa kwanza ni ukurasa mmoja au miwili wa maamuzi, ya pili ni maneno. Na ripoti ya kamati ni kitu cha tatu, nayo ndiyo yenye mapendekezo.

Kingine ni ahadi. Shahidi au waziri akiulizwa takwimu asiyo nayo mkononi, husema ataiandikia kamati. Takwimu hiyo haitaonekana kwenye kumbukumbu ya siku hiyo wala ya wiki inayofuata. Iko kwenye barua za kamati, ukurasa tofauti. Kila unapokutana na "write to the committee" andika tarehe pembeni, kisha nenda kwenye barua za wiki nne hadi nane baada ya hapo. Majibu ya maandishi ya serikali kwa maswali ya mbunge mmoja mmoja nayo yako kwingine, yana namba zake, kwa mfano S5W kwa Bunge la Tano. Maoni ya maandishi ya taasisi, ambayo mara nyingi yana data nyingi kuliko yaliyosemwa mdomoni, yamewekwa na makabrasha ya kikao au kwenye ukurasa wa ukusanyaji maoni, si ndani ya Taarifa Rasmi.

Viungo vilivyokufa

Tovuti ilibadilishwa 2021. Makala na tasnifu za kabla ya hapo zimejaa viungo vya scottish.parliament.uk ambavyo leo vinaweza kukupeleka kusikojulikana. Usitupe kiungo hicho. Chukua tarehe na jina la kamati kutoka kwenye sentensi inayokizunguka, ukatafute kikao upya kwenye tovuti mpya. Kwa ripoti na maoni ya zamani nenda archive2021.parliament.scot, ambako tovuti ya awali imehifadhiwa, au kwenye hifadhi ya tovuti ya National Records of Scotland.

Kiungo kipya cha kikao kinasomeka. Kina herufi za kamati, HS kwa ile ya zamani na HSCS kwa ile iliyoanza 2021, kikifuatwa na siku, mwezi na mwaka, kisha namba ya kikao. Ukiona "iob" na namba, hicho ni kipengele kimoja tu cha ajenda, si kikao kizima. Hapa ndipo watu wanapofanya Ctrl na F kwenye kipengele kimoja, hawakuti kitu, wanaondoka wakiamini kikao hakikuzungumzia jambo hilo. Fungua kikao chote au PDF.

Injini ya ndani ikikugomea, tumia Google kwa site:parliament.scot, acha nafasi, kisha msemo wako ndani ya alama za nukuu na jina la kamati ndani ya alama nyingine. Inasaidia kupata tarehe. Ila usiitumie kuthibitisha kwamba kitu hakikusemwa, maana haijasoma kila ukurasa hadi mwisho.

Kunukuu

Rejea inataja Official Report, jina la kamati, tarehe, kisha herufi c na namba ya safu. Katika Mabunge ya Tatu na ya Nne namba za safu ziliendelea kutoka kikao hadi kikao, ndiyo maana utaona safu za maelfu. Kuanzia Bunge la Tano kila kikao kinaanza na safu ya 1, kwa hiyo bila tarehe namba hiyo haina maana. Ukinakili kutoka PDF, kuwa mwangalifu mshale usivuke kwenda safu ya pili; sentensi za watu wawili zinaungana na unamlisha mtu maneno ya mwenzake. Nakili kutoka ukurasa wa tovuti, namba ya safu ichukue kwenye PDF.

Mwisho kabisa, angalia hali ya toleo. Kumbukumbu ya kamati huchapwa baada ya siku chache, kwanza kama toleo ambalo bado linaweza kusahihishwa. Aliyezungumza ana siku 20 za kazi tangu kuchapwa kuomba marekebisho ya maneno yake. Toleo la mwisho lina sentensi inayosema hili ni toleo la mwisho na limepelekwa kwenye hifadhi ya kisheria. Kwa vikao vya zamani hilo halikusumbui. Kwa kikao cha mwezi huu, pakua, andika tarehe uliyopakua, kisha kifungue tena kabla hujakabidhi kazi yako.

Weka hapa dirisha unaloanza nalo na majina ya mashahidi unaowatafuta, tuangalie pamoja.